Kabla Hujaomba Cheo, Keti Mkekani

Jino la mbele liliwahi kunigharimu siku nzima ya kurekodi. Mtangazaji wetu mdogo, mtoto wa miaka 7, tulimrekodi Ijumaa akiwa na meno yote. Jumamosi kafika studio na pengo, anacheka hadi ufizi. Tukio ni lilelile, nguo ni zilezile, lakini nusu ana jino na nusu hana. Mpiga picha akasema tumchukue kwa ubavu. Mhariri akasema tudai ilikuwa ndoto. Mimi nilikuwa mtayarishaji mchanga, nilitaka kulia. Mtoto mwenyewe ndiye aliyetuokoa: "Si mseme tu limeng'oka?" Tukaandika upya sehemu ile, kikaragosi akalitafuta jino chini ya viti, na msimu ulipoisha watoto hawakuwa wakikumbuka kingine.

Nipo kwenye vipindi vya watoto hapa Kampala mwaka wa 18 sasa. Nilianza kwa kukunja nyaya, nikawa sauti ya kikaragosi, nikawa mtayarishaji, na leo nina ofisi yenye mlango. Vijana wananiuliza njia ya kufika kwenye huo mlango. Mimi nataka kwanza niwaambie kuhusu mkeka.

Kazi ya sauti niliipata kwa sababu nimekulia Malaba, mpakani, ambako Kiswahili ni cha barabarani na sokoni. Wenzangu wa Kampala walikuwa na Kiluganda na Kiingereza, Kiswahili wakikiogopa. Wazee wao wanakikumbuka kama lugha ya askari wa vizuizini. Basi nikatakiwa nimtie sauti Kaloli. Kama hujafika Kampala, kaloli ni yule ndege mrefu mwenye upara anayezurura majalalani. Tulimtengeneza kwa sifongo ya godoro, mdomo wake ni boksi. Mdhamini mmoja alikataa katakata bidhaa yake isimame karibu na ndege wa takataka. Watoto walimpenda kupita kiasi, kwa sababu ndiye ndege wanayemwona kila siku wakienda shule.

Sasa mkeka. Nilisoma jinsi Wamarekani walivyoandaa Sesame Street, kipindi cha watoto cha televisheni kilichoanza kurushwa Novemba 1969. Mtafiti wao, Edward Palmer, aliweka picha za slaidi zinazobadilika kando ya televisheni, kisha akaandika ni lini hasa mtoto anaacha kipindi na kugeukia slaidi. Kumbe sehemu za watu wazima wakizungumza mtaani zilikuwa zinawapoteza watoto, na wataalamu walikuwa wameshauri vikaragosi wasichanganywe na watu wa kweli. Waandaaji wakauweka ushauri huo kando. Ndipo wakazaliwa vikaragosi Big Bird na Oscar, wakaingizwa mtaani pamoja na watu.

Mimi sikuwa na slaidi. Nilibeba mkeka, kompyuta na spika ndogo hadi baraza ya mama mmoja Namuwongo, nikakusanya watoto tisa wa majirani. Vya kuwavuta macho vilikuwepo bure: kuku, honi za boda, jamaa wa rolex, ile chapati ya kuviringishiwa mayai, akipasua mayai. Nikakaa nyuma ya kompyuta, nikiwatazama watoto badala ya kioo, kalamu mkononi. Dakika ya nne ulianza wimbo niliojivunia kuliko kitu chochote, tuliomwalika mwimbaji na kumlipa vizuri. Watoto saba kati ya tisa wakamgeukia kuku. Kuku mwenyewe hakuwa akifanya lolote.

Niliukata wimbo ule. Mwimbaji hajanisamehe.

Kwa hiyo ukitaka kazi hii, usianzie kwenye kamera. Anzia hapo. Andika dakika, andika aliyegeuka, andika alichokigeukia. Ukishafanya hivyo mara kumi, utaandika muswada tofauti kabisa. Utagundua pia kwamba kwa nyumba nyingi televisheni husikika kuliko inavyoonekana: mtoto yuko jikoni anakoroga uji, au anachungulia dirishani kwa jirani. Hilo lilinikamata vibaya shule zilipofungwa Machi 2020, zikaja kufunguliwa kwa wanafunzi wote Januari 2022. Tulikimbilia kumweka mwalimu ubaoni, kamera imesimama, chaki inaandika. Kwa yule wa jikoni palikuwa kimya tu, na mkwaruzo wa chaki. Tangu hapo kila muswada nausikiliza kwanza nikiwa nimefumba macho.

Kuhusu kurekodi watoto nitasema machache. Dakika 20 kisha mapumziko. Mzazi awepo na awe ametia sahihi. Nembo ya shule ifunikwe. Mvua ikianza juu ya mabati, acha, wape watoto chapati, subiri. Jenereta iwekwe mbali kadiri waya wako unavyofika.

Kuhusu karatasi nitasema zaidi, maana huko ndiko nilikoumia. Kaloli si wangu. Nilimpa sauti, tabia, hata kile kikohozi chake, lakini nilikuwa mwajiriwa, na mkataba wangu ulikuwa ukurasa mmoja niliousaini nikiwa nimeegemea bonneti ya gari. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, ulichobuni kazini ni cha mwajiri wako, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hatukukubaliana vingine. Kituo kile, ambacho sitakitaja, kilipobadilisha ratiba, Kaloli akaingia kabatini na mimi sikuruhusiwa kuondoka naye. Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla sifongo haijakatwa, mwulize bosi: kikaragosi huyu ni wa nani tukiachana? Ataona unaleta ukorofi. Mwulize hivyo hivyo.

Ukubwa wenyewe ni nini? Ni kugombania saa. Kipindi cha watoto cha saa kumi na moja jioni ndicho cha kwanza kuondolewa Bunge likirefuka, bajeti ikisomwa mwezi Juni, au kukiwa na mpira. Na katuni ya nje inakuja ikiwa imekamilika, gharama yake wameshagawana vituo vya nchi nyingi, kwa hiyo mhasibu haelewi kwa nini ulipie mwandishi, fundi wa taa na nauli za wazazi. Usimjibu kwa kusema utamaduni wetu unapotea, ameshalisikia. Mwonyeshe mdhamini. Mwonyeshe kwamba kipindi chako kitarudiwa miaka mitano bila kuzeeka. Mwonyeshe majirani: katuni ya Ubongo Kids ilianzia Dar es Salaam mwaka 2014, kwa Kiswahili, na leo inatazamwa nchi nyingi za Afrika. Baraza la mawaziri letu lilipopitisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, wakubwa walewale walioniita "mama wa lugha ya askari" wakaja kuuliza nina nini kwenye kabati. Nilikuwa na miswada 14.

Joan Ganz Cooney, aliyeiongoza taasisi iliyozaa Sesame Street, alitoka kwenye kutayarisha vipindi akaenda kwenye kutafuta fedha na kuongoza watu. Njia hiyo ipo. Ila kila ngazi inakuondoa mkekani, na huoni ukiondoka. Mwaka wangu wa pili ofisini nilipitisha msimu mzima kwa kusoma ripoti tu. Ripoti zilikuwa nzuri, zina rangi. Krismasi nikaenda kwa dada yangu Tororo, kipindi changu kikaanza, na mpwa wangu akainuka bila neno akaenda kuchota maji. Hakuna aliyemtuma.

Siku hizi Jumamosi ya mwisho wa mwezi simu naizima, nachukua boda hadi Namuwongo. Mama mwenye baraza amezeeka, kuku ni wengine. Mwezi uliopita binti wa miaka 5 hivi alinivuta sketi katikati ya kipindi. Nikainama, kalamu tayari, nikidhani ana la kusema kuhusu hadithi.

"Shangazi, sogea. Unaniziba."