Jibu: Tangi jipya, niweke samaki lini?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuweka samaki kesho kwa kuwa maji ya tangi lako jipya yamekaa siku mbili. Hiyo haitoshi. Klorini (dawa ya maji ya bomba) huenda imetoka, lakini bakteria wanaokula amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, bado hawajaota kwenye filta. Washa filta, tia amonia isiyo na sabuni wala manukato ili kuwalisha bakteria hao, hadi kipimo cha maji kisome 2 ppm (sehemu 2 kwa milioni) hivi, kisha uwe unapima. Amonia itashuka, nitriti, sumu nyingine ambayo bakteria huitoa kwenye amonia, itapanda na kukwama huko juu kwa muda. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Siku ile utakapotia amonia ya 2 ppm ikaisha ndani ya saa 24, amonia na nitriti zote sifuri, badilisha maji mengi kupunguza nitrati (kinachobaki bakteria wakishakula nitriti), ndipo uweke samaki. Mara nyingi ni wiki 4 hadi 6. Ukipata sponji chafu ya filta ya tangi la rafiki lenye samaki wazima, itie kwenye filta yako, kwani ina bakteria hao tayari, utaokoa siku nyingi. Ila usiioshe kwa maji ya bomba, klorini itawaua!