Mlango uliobonyea bila rangi kupasuka

Ndugu, umesema kwamba mlango wa nyuma wa gari lako ulibonyea baada ya kugongwa na mkokoteni pale soko la Mbuyuni, Moshi, na kwamba fundi anataka kuukwangua, kuupaka puti (rojo zito la kujazia mabonyeo) na kuupiga rangi upya. Kabla hujakubali, pitisha ukucha taratibu juu ya sehemu hiyo: usipokwama popote, na rangi ikiwa haina ufa, mara nyingi bati huweza kunyooshwa kwa nyuma bila rangi kuguswa, yaani fundi hufungua kava la ndani la mlango, huingiza chuma chembamba chenye ncha butu, kisha husukuma kidogo kidogo kuanzia pembezoni kuelekea katikati, huku akitazama jinsi mwanga wa taa unavyojikunja juu ya rangi. Kazi hiyo inataka subira, kwa maana anayeharakisha huacha vinundu vinavyoudhi kuliko bonyeo lenyewe.

Maji ya moto yanayosifiwa sana kwa kuondoa mabonyeo hufaa kwa bampa la plastiki, si kwa bati.

Iwapo rangi imepasuka, puti huenda isiepukike, lakini bati linyooshwe kwanza hadi puti inayohitajika isizidi milimita 2 au 3, kwani iliyo nene hupasuka, ikapitisha unyevu na kutu ikaanza kula chini kwa chini. Unapokabidhiwa gari, jaribu sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: ikikataa kushika pale palipotengenezwa, ujue pamejazwa badala ya kunyooshwa.