Mfuko wa kulalia wa manyoya: usiukaze kwenye kifuko chake ukiwa nyumbani

Ndugu uliyeuliza, nimesoma swali lako na majibu uliyopewa. Umepata Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, mfuko wa kulalia wa manyoya ya bata, mtumba, lebo inasema nyuzi -5, na mnataka kulala juu ya Nyiragongo, volkano yetu, mlima ukiwa wazi kwa wageni. Mwenzetu mmoja amekushauri uukunje vizuri, uukaze kwenye kile kifuko kidogo uliokuja nacho na uuweke juu ya kabati mpaka siku ya safari. Hapo sikubaliani naye hata kidogo.

Joto ni la mwili wako. Kazi ya manyoya ni kunasa hewa ili joto hilo lisitoroke. Yakibanwa miezi na miezi yanalala, na hayainuki tena kama zamani. Kifuko kidogo ni cha njiani tu. Nyumbani utie kwenye mfuko mpana wa kitambaa, hata shuka kuukuu lililoshonwa pembeni linatosha, kisha uuning'inize mbali na ukuta, maana msimu wa mvua kuta zetu zinatoa jasho. Usiuhifadhi ndani ya nailoni. Unyevu kidogo ukibaki humo, ukungu unaanza.

Sasa ukague. Uinue mbele ya dirisha mchana: ukiona mabonge meusi na kati yake nafasi inayopitisha mwanga, manyoya yameshikamana. Yavunjevunje kwa vidole, taratibu. Unyoya ukichungulia nje, usiuvute, tundu litapanuka na mwingine utaufuata. Shika kitambaa upande wa pili, uurudishe ndani.

Kuhusu -5: mifuko mingi ina namba zaidi ya moja. Ya kufuata ni ile ya kulala kwa raha. Ile ya chini kabisa ni ya kunusurika tu, usiku mzima unatetemeka. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, kilele cha Nyiragongo ni mita 3,470, na hewa hupoa kama nyuzi 6 kila ukipanda mita 1,000. Kwa hiyo usiku wa nyuzi 15 mjini unaweza kuwa wa nyuzi 2 au 3 kule juu, na upepo haujahesabiwa. Chukua na mkeka wa sponji, usiuone mzigo: manyoya ya chini yanabanwa na uzito wako, na baridi ya mawe inapita moja kwa moja.

Kupakia ni rahisi. Tandika nailoni nene ndani ya begi la mgongoni kwanza. Acha zipu ya mfuko wazi kidogo ili hewa itoke, anzia upande wa miguu, usukume ngumi kwa ngumi bila kukunja. Mikunjo ileile kila safari inachosha manyoya na kitambaa mahali pamoja. Sokota mdomo wa nailoni, ulaze, uufunge. Unakaa chini kabisa ya begi kwa kuwa hutauhitaji mpaka ufike. Hata kama mpagazi ndiye atakayebeba, funga mwenyewe. Mvua ya msituni haichagui mgongo wa nani.

Ukifika, utoe mapema ujae hewa, lakini ndani ya kibanda au hema. Lava ina ncha zinazochana kitambaa, na ukungu wa kilele unalowesha. Vua nguo zenye jasho kabla ya kuingia, na usifunike pua ukapumulia ndani. Asubuhi ugeuze nje ndani, uupepete kabla ya kupakia. Jioni ukirudi mjini, uufungue siku hiyohiyo.

Kufua? Mara chache sana. Lala ndani ya shuka lililoshonwa kama mfuko, ufue shuka. Vumbi letu jeusi linasaga zipu: lipige mswaki mkavu, halafu upitishe kipande cha mshumaa. Ikibidi kufua, subiri kiangazi, Juni hadi Agosti, na uwe na bidoni za maji za kutosha, maana kusuuza ndiko kunakomaliza maji. Beseni kubwa, sabuni laini kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo. Usikamue kwa kusokota, kandamiza tu. Na usiuinue kwa ncha moja ukiwa umelowa, uzito wa maji unakata mishono ya ndani; pitisha mikono yote miwili chini yake kama unayemnyanyua mtoto aliyelala. Anika kivulini, ukiwa umelazwa, uugeuze na kuvunja mabonge kila mara. Itachukua siku kadhaa, kwa hiyo usifue wiki ya safari.

Jambo moja la kuhakikisha: soma lebo ya ndani. Wauzaji huita kila kitu chepesi manyoya. Ikisema polyester, yaani nyuzi za kiwandani, ni mzito zaidi na unajaza begi, ila ukilowa kidogo bado unakupa joto na unakauka haraka. Kwa mvua za huku, mimi nisingeulalamikia.