Mtungi Mwekundu Usiosomeka

Mwaka juzi, kwenye ukumbi wetu hapa Tukuyu, mafuta ya maandazi yalishika moto. Mtungi wa zimamoto ulikuwa ukutani, hatua tatu kutoka jikoni. Mpishi aliushusha, akaugeuza huku na huku akitafuta neno analolijua. Hakuliona, maandishi yote ni Kiingereza. Mwenzake akakimbilia ndoo ya maji. Namshukuru Mungu, mama mmoja alimdaka mkono, akafunga gesi na kufunika karai kwa sinia. Maji yale yangeingia kwenye mafuta, moto ungeruka hadi darini.

Niliumia sana, maana mtungi ule niliupokea mimi. Kiingereza nakisoma, lakini jikoni siingii.

Kesho yake nikaanza kutafsiri, na hapo pia nilikosea. Nilibandika mlangoni "Eneo la kukusanyika wakati wa dharura". Nilipouliza ni wapi, kila mtu alionyesha kwake. Nikaibandua ile karatasi, nikaandika: MOTO UKIWAKA, TOKENI, TUKUTANE KWENYE MPARACHICHI. Mparachichi ule kila mtu anaujua. Hata bibi zetu, ambao Kiswahili chao ni cha kuombea maji, wakielezwa mara moja kwa Kinyakyusa wanafika. Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujaandika chochote, waulize watu wenyewe mahali hapo wanapaitaje.

Mtungi nao usiishie kuuelezea. Kila mmoja aushike, ausikie uzito wake, aiguse pini bila kuichomoa. Chomoa pini, elekeza mpira kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake, bana mkono wa mtungi, pepea kushoto na kulia. Unga wa mtungi hutoka kwa sekunde chache tu, hakuna muda wa kusoma. Mshale nao uangaliwe kama bado uko kwenye kijani.

Namba ya zimamoto hapa Tanzania ni 114, nayo ni bure hata simu ikiwa haina salio. Iandikeni kwa mkaa ukutani ikibidi, na mfanye mazoezi ya kuelekeza njia ya kufika kwenu.

Mwezi uliopita tulifanya zoezi. Bibi mmoja alitangulia kufika mparachichini, akatutazama, akauliza kwa Kinyakyusa: mtoto wa mpishi yuko wapi? Alikuwa amelala stoo. Hakuna aliyekuwa amepangiwa watoto. Sasa kazi ya kuwahesabu ni ya bibi huyo.