Usikimbilie kupandisha kinga kabla hujajua inafanya nini

Mleta uzi, umeuliza utumie nini kupandisha kinga kwa sababu mafua yamekupata mara tatu mwaka huu. Nakujibu kwa kirefu, maana swali hilo hilo lilinipotezea miezi minane.

Virusi vya mafua ni zaidi ya aina 200, na mwili ukishakijua kimoja haina maana umewajua wenzake. Mtu mzima kuugua mara mbili tatu kwa mwaka ni kawaida kabisa. Hata hayo makamasi, sehemu kubwa ni kinga yenyewe iko kazini.

Mimi asubuhi moja nilishindwa kufunga vifungo vya shati. Vidole vya mikono yote miwili vimevimba, vina moto, vinachukua zaidi ya saa nzima kulegea. Nikajiambia kinga imeshuka, nikawa nabugia kila unga na kidonge kilichoandikwa kinaongeza kinga. Siku daktari aliponiminya vifundo vya vidole, kimoja kimoja, nilitoa yowe. Vipimo vikaonyesha baridi yabisi. Kinga haikuwa imeshuka hata kidogo, ilikuwa inaushambulia utando wa viungo vyangu mwenyewe!

Seli T, askari wa kinga, hufundwa kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Nyingi mno hazihitimu, na zinazoonekana kuugeukia mwili huuawa humo humo. Chache huponyoka, kisha seli nyingine huzituliza. Kwangu hazikutulia. Aleji nayo ni kosa la jamii hiyo, kinga kupigana na vumbi la maua lisilo na kosa.

Sasa natumia dawa iitwayo methotreksati, mara moja tu kwa wiki, ya kuipoza kinga. Ndiyo, kuipoza. Na vifungo nafunga.

Wewe anza na usingizi. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015, watu 164 walidondoshewa virusi vya mafua puani. Waliokuwa wakilala chini ya saa sita walikuwa na uwezekano wa kuugua takriban mara nne ya waliozidisha saa saba. Chanjo zako pia zikamilishe.

Ila ukiona viungo vinakakamaa kila asubuhi kwa wiki kadhaa, tafadhali usinunue kidonge, kapime. Kidole changu cha mwisho cha kushoto kilipinda katika ile miezi minane, na hakijanyooka tena.