Re: World War Z, mbona waliosoma kitabu wanaiponda?

Habari mkuu. Umeuliza mbona wewe na jamaa zako mliifurahia muvi ya World War Z, lakini kila aliyesoma kitabu anaiponda. Kwanza angalia muundo. Riwaya ya Max Brooks ya 2006 haina shujaa mmoja: ni mahojiano na manusura wa nchi mbalimbali, vita dhidi ya mazombi ikiwa imeshakwisha. Muvi ya 2013 inamfuata Brad Pitt nchi hadi nchi, balaa ndiyo kwanza linaanza. Halafu mazombi wenyewe: kitabuni wanajikokota, kwenye muvi wanatimka na kurundikana mpaka wanauvuka ukuta wa Jerusalem.

Mimi nilisoma kwanza, nikakaa kuangalia nikisubiri pigano la Yonkers la kitabuni, pale jeshi la Marekani linapochapwa na mazombi licha ya silaha zake zote. Wapi! Nilinuna hadi mwisho. Nilipoirudia kama kitu tofauti kabisa, ilinishika, hasa ule ukimya wa maabara kule Wales, sehemu iliyorekodiwa baadaye badala ya mwisho wa awali wenye vita kule Urusi, uliotupwa.

Ukikisoma, usimtafute Gerry Lane, yule anayeigizwa na Brad Pitt, hayumo. Kama kusoma kunakuchosha, kipo cha kusikiliza, waigizaji wengi wamegawana sauti za manusura.