Kabla hujajaza trei zote, hesabu maji

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye mashine ya kukausha chakula kwa kugandisha, swali la kwanza atakalowauliza mwenye mzigo ni hili: inabeba kilo ngapi? Msimjibu kwa namba iliyobandikwa ubavuni. Mimi nilimjibu hivyo msimu wangu wa kwanza hapa Mwanza. Lebo ilisema kilo 10, nikanunua embe dodo sokoni Kirumba, nikamenya, nikapanga kilo 10 kamili hadi vipande vikapandana. Nilipofungua mlango, vya pembezoni vilikuwa vikavu kama kaukau, vya katikati vimekuwa ute wa njano unaonata vidoleni. Mzigo wote ukaharibika na mteja hakurudi.

Nilipima embe, kumbe mashine inabeba maji. Chakula kikishaganda, pampu inavuta hewa hadi shinikizo linashuka chini ya milibari 6. Hapo barafu haipiti tena kwenye maji, inageuka mvuke moja kwa moja, na mvuke huo unakwenda kuganda upya kwenye koili ya baridi, yaani mabomba yanayopozwa na kompresa. Koili ikishavikwa barafu nene inashindwa kuukamata mvuke wote, unaobaki unaingia kwenye pampu. Tazameni kioo cha oili ya pampu: ikianza kuwa nyeupe kama maziwa, mmezidisha.

Sasa pigeni hesabu. Embe kilo 10 zina maji kilo 8 na ushee. Nyanya kilo 10 zina maji zaidi ya kilo 9. Wali uliopikwa, kama 7. Lebo ni moja, mizigo ni mitatu tofauti kabisa.

Kwa hiyo jaribio la kwanza fanyeni kwa maji matupu. Pima maji kwa mizani, mimina kwenye trei, gandisha, washa. Anza na nusu ya unachodhani ni uwezo wake, kisha ongeza nusu kilo kila mzunguko. Andika shinikizo kila saa, usiku pia. Mzunguko ukiisha, yeyusha barafu ya koili na uipime: uzito wake ukaribiane na maji yaliyotoka kwenye trei. Ukipungua sana, ujue mengine yamepita kwenye pampu. Siku shinikizo linapogoma kushuka, au saa zinapoongezeka ghafla, umeshapita kikomo. Rudi nyuma hatua moja.

Ndipo uweke chakula, na usikate kipande kuzidi sentimita 1. Unene ukiwa mara mbili, muda unakaribia mara nne. Mnofu wa tumbo la sangara msiutumie kwa majaribio, mafuta yake hayakauki na yatawadanganya. Kujua kama kimekauka, chukua kipande kinene kuliko vyote kutoka trei ya katikati, kivunje, gusisha sehemu ya ndani kwenye mdomo wa juu. Ukihisi ubaridi, barafu bado imo. Ukiona kimekauka, pima trei, irudishe kwa muda wa saa mbili, pima tena. Uzito usipobadilika, toa.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo vitabu vya mashine havisemi. Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina shinikizo la milibari 885 hivi, wakati pwani ni 1,013. Geji ya mshale inayolinganisha na hewa ya nje itasimama karibu na bar 0.88 (bar moja ni milibari 1,000), haitafika 1 hata pampu iwe nzima. Fundi mmoja aliniambia pampu imekufa, nikanunua mpya, na mshale ukasimama palepale. Tafuteni geji inayopima shinikizo kamili. Fedha ile inaniuma hadi leo.

Joto nalo lina sehemu yake. Kugeuza kilo moja ya barafu kuwa mvuke kunataka karibu uniti 0.8 za umeme, na joto lote hilo kompresa lazima ilitoe tena upande wa koili. Chini ya bati saa nane mchana inahema. Kipimo cha usiku hakifai mchana, kwa hiyo rudieni jaribio. Kwenye mlango wa mashine yangu, ile ile ya lebo ya kilo 10, nimeandika kwa maka peni: embe 7 usiku, 6 mchana, nyanya 6 usiku, wali 8 na nusu usiku.